Choya Kabatini: Uchambuzi wa Kisa cha Misa Mbili za Kigangoni

Kisa hiki kilianzia kwenye beseni la kufulia, siku ya Jumatatu, nyuma ya kanisa la kigango kimoja cha kisiwani katika Ziwa Viktoria, ambako Padre hufika mara moja kwa mwezi kwa mtumbwi wa injini, ziwa likimruhusu. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, aliyekabidhiwa vitambaa vya altare tangu watoto wake wakiwa wadogo, alikuwa akisuuza kitambaa cha kupangusia kalisi, kikombe cha divai ya Misa. Maji ya suuzo la kwanza huyamwaga chini ya mlimau ulioko kando ya sakristia, mahali pasipokanyagwa, kwa sababu alifundishwa kwamba huenda yamebeba tone la Damu Takatifu. Divai waliyoizoea pale ina rangi ya asali, na doa lake ni hafifu kiasi kwamba asiyejua halioni. Siku hiyo maji yaligeuka mekundu ya waridi, rangi ileile ya juisi anayouza binti yake kwa glasi pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga. Akakinusa kitambaa, akakirudisha beseni, akaenda kumwita Mwalimu, yaani katekista.

Kabatini walikuta chupa yenye picha ya ua jekundu na neno DIVAI kwa herufi kubwa. Chini kabisa ya lebo, kwa maandishi ambayo Mwalimu alilazimika kuyasogeza dirishani ndipo ayasome, palikuwa na viambato: maji, sukari, rozela, hamira. Rozela ni choya. Zabibu haikutajwa popote.

Namna ilivyofika pale haina siri wala ubaya. Divai ya altare iliisha, ziwa lilikuwa limechafuka wiki nzima, na mtunza sakristia akampa fedha kijana mmoja anayepeleka dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, ili arudi na divai ya kanisa. Kijana aliingia duka la kwanza, akaomba divai, akapewa kilichoandikwa divai. Padre kwa kawaida hubeba chupa yake ndogo ndani ya sanduku la Misa, lakini mara mbili mfululizo chupa hiyo ilikuwa tupu, na mara zote mbili aliambiwa, "Ipo kabatini, Baba." Alipoulizwa baadaye alikiri kwamba utamu ule aliusikia ulimini, akadhani ni aina nyingine ya divai tamu. Daftari la nia, yaani maombi ambayo waamini huombea Misa, lilionyesha kwamba Misa ya kwanza kati ya hizo mbili iliombewa mvuvi aliyezama, na ya pili ilikuwa ya shukrani ya familia moja.

Mambo yangeishia kwa Paroko kama chupa ile isingeonwa na mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa karani wa pamba, ambaye utoto wake ulipita karibu na Bukumbi, misheni iliyofunguliwa na Mapadri Weupe mwaka 1883. Mzee huyu anaikumbuka Misa ya Kilatini kwa masikio na kwa magoti, na tangu mjukuu wake amnunulie simu kubwa amekuwa akifuatilia mafundisho ya wanamapokeo, Wakatoliki wanaoshikilia ibada za zamani, wa Marekani na Ufaransa. Alimwandikia Paroko barua ya kurasa nne za daftari. Mimi niliitwa kwa sababu niliwahi kusoma seminari, nikaacha, na huwa naitwa pale ambapo mapadre wanataka mlei azungumze na mlei.

Barua yenyewe inastahili kusomwa kwa utaratibu, kwa kuwa kisa kizima kimo ndani yake. Ilianza na chupa: Misa zile mbili hazikuwa Misa. Ikaendelea kwa waamini: wote waliokomunika walikula mikate tu. Kisha ikahamia kwenye ngoma, vigelegele na watu kupokea mkononi, ikisema kwamba penye utovu wa heshima wa namna hiyo Kristo hawezi kushuka. Mwisho ikauliza kama Padre mwenyewe ni padre, kwa sababu alipewa daraja kwa ibada iliyotungwa upya mwaka 1968. Kutoka chupa ya choya hadi upadre wenyewe, kurasa nne tu, na kila hatua imeandikwa kwa uhakika uleule.

Kabla ya kumjibu ilitubidi tukubaliane juu ya maneno, na hapa Kiswahili chetu cha kanisani kinatuponza. Tunasema "halali" tukimaanisha mambo mawili tofauti: kile kilichoruhusiwa na sheria, na kile kilichotendeka kweli. Ndoa iliyofungwa bila kutangazwa mara zinazotakiwa imekiuka utaratibu, lakini wawili hao ni mume na mke. Ndoa ya mtu ambaye mke wake wa kwanza yu hai ni batili, hata kama ilitangazwa na kwaya ikaimba. Jirani yangu Mwislamu hana tatizo hili, kwa sababu wao husema swala "imeswihi" au "haikuswihi", kisha ya halali na haramu wakayaweka kwenye fungu lake. Nimeazima neno lake katika mazungumzo haya yote, na sioni aibu.

Swali la kwanza, basi, lilikuwa kama Misa zile ziliswihi, na hapa Mzee alikuwa sahihi bila mjadala. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka mkate wa ngano tupu na divai ya asili iliyotokana na mzabibu, isiyoharibika. Waraka wa Redemptionis Sacramentum wa tarehe 25 Machi 2004 unaongeza kwamba kinywaji kingine chochote hakikubaliki kwa sababu yoyote ile, kwa vile si mata, yaani kitu kinachotakiwa kutumika, ya sakramenti hii. Tarehe 15 Juni 2017 Kardinali Robert Sarah, Mwafrika wa Guinea aliyekuwa akiongoza idara ya Ibada huko Vatikano, aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima akiwakumbusha kwamba zamani mkate na divai ya altare vilitoka kwenye jumuiya za watawa, ilhali siku hizi vinauzwa madukani na hata kwenye intaneti, hivyo ni wajibu wao kuhakikisha vinatoka wapi. Nilipousoma waraka huo upya niliona kana kwamba aliyeuandika alisimama pale dukani nyuma ya yule kijana wa dagaa.

Mwalimu hakuridhika. Yeye alishika hoja ambayo nimeisikia vigango vingi, kwamba Mungu anaangalia moyo na Kanisa hujazia palipopungua. Ni hoja ya huruma, na ndiyo iliyonipa kazi kubwa kuliko barua ya Mzee. Kanisa hujazia kweli, kwa kanuni ya 144, lakini kinachojaziwa ni mamlaka: padre akiungamisha mahali ambapo watu wote wanaamini kwa sababu za msingi kwamba ana ruhusa, kumbe hana, Kanisa lenyewe humpa ruhusa hiyo papo hapo. Mamlaka ni mali ya Kanisa, na mwenye mali hutoa. Mata ya sakramenti si mali yake. Mtaguso wa Firenze, mwaka 1439, ulisema sakramenti hutimia kwa vitu, kwa maneno na kwa mhudumu mwenye nia ya kutenda analotenda Kanisa, na kimoja kikikosekana sakramenti haipo. Padre wetu alikuwa na nia na alikuwa na maneno. Kwenye kalisi alikuwa na choya.

Mwalimu alinirudishia swali gumu zaidi: kwa nini ngano na zabibu, katika nchi inayokula ugali wa mtama na wa udaga? Hakuwa wa kwanza kuuliza. Mwanateolojia wa Kameruni, Jean-Marc Ela, aliyeishi na wakulima wa mtama kaskazini mwa nchi yake, aliliuliza kwa uchungu miongo kadhaa iliyopita, akiona watu masikini wakingojea mkate usiotoka shambani mwao. Jibu la Roma halijabadilika: tunafuata alichokitwaa Kristo mezani usiku ule. Sitajifanya kwamba jibu hilo linamaliza uchungu wa swali. Namwambia tu Mwalimu kwamba sisi hatuna udhuru mkubwa hivyo, kwani ngano inalimwa Hanang, na mizabibu ya Dodoma inazaa kiasi cha kutosha kila altare ya nchi hii.

Swali la pili lilikuwa la waamini waliokomunika, na hapo ndipo Mzee alipoteleza kwa mara ya kwanza, tena aliteleza juu ya kitabu anachokipenda. Mwanzoni mwa Misale ya Papa Pio wa Tano ya mwaka 1570 kuna sehemu ndefu juu ya kasoro zinazoweza kutokea katika Misa. Inasema kwamba padre akigundua baada ya mageuzo, yaani maneno yanayogeuza mkate na divai kuwa Mwili na Damu ya Kristo, kuwa kalisini palitiwa maji badala ya divai, ayaondoe, atie divai na maji kidogo, arudie maneno ya mageuzo ya kalisi peke yake, na kuendelea. Haimwambii aanze upya na hostia, yaani mkate. Maelekezo ya Misale ya sasa, namba 324, yanasema vilevile, na yanaongeza waziwazi kwamba halazimiki kugeuza mkate tena. Maana yake ni kwamba maneno yaliyosemwa juu ya mkate yalikwisha kutenda kazi yake kabla Padre hajaigusa kalisi. Sadaka ilipungukiwa, kwa kuwa Misa hutaka maumbo yote mawili, mkate na divai, lakini wale waliopiga foleni siku ile walipokea Mwili wa Kristo.

Nilimkumbusha Mzee jambo moja ambalo alilijua kwa masikio. Mwishoni mwa karne ya 12 wanazuoni wa Paris walibishana kama mkate hugeuka mara tu maneno yake yanaposemwa, au hungoja mpaka ya kalisi nayo yasemwe. Mwanzoni mwa karne ya 13 desturi ya kuinua hostia juu mara baada ya maneno yake ikaenea, watu waiabudu pale pale, kabla ya kalisi. Kengele iliyokuja kufuatana na desturi hiyo ndiyo ile aliyoipiga yeye akiwa mtumishi wa altare, na ndiyo inayopigwa hadi leo kigangoni kwao, na mtoto aliyeipiga katika Misa ya choya hakukosea. Mzee alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Hiyo ya kengele, mwanangu, sikuifikiria."

Kuhusu ngoma sikutaka kumbembeleza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, ulitaka muziki wa mataifa ya kimisheni upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Kuna kupiga ngoma vizuri na kuna kupiga ngoma mpaka mageuzo yanasahaulika, na nimeyaona yote mawili katika mwambao huu. Lakini hata ngoma iliyopigwa vibaya haina nguvu ya kumzuia Kristo. Hili si fundisho jipya. Mtakatifu Augustino aliwapinga Wadonati wa Afrika ya Kaskazini kwa sababu walidai sakramenti hutegemea utakatifu wa anayezitoa, na Mtaguso wa Trento, tarehe 3 Machi 1547, uliweka rasmi kwamba sakramenti hutoa neema kwa nguvu ya tendo lenyewe lililotendwa. Fundisho hilo ni ngome ya mnyonge. Lingekuwa halipo, mama wa kisiwani angelazimika kila Dominika kupima moyo wa Padre kabla ya kufungua kinywa.

Kwa habari ya kupokea, Mzee alikuwa na dukuduku la haki ambalo barua yake ililificha katikati ya mengine. Miezi kadhaa kabla ya hapo alikuwa amepiga magoti mbele ya mhudumu wa komunyo na kuambiwa asimame, asicheleweshe foleni. Waraka uleule wa 2004, namba 91 na 92, unakataza kumnyima mtu komunyo kwa sababu tu anapenda kupokea akiwa amepiga magoti, na unasema kila mwamini ana haki daima ya kupokea kwa ulimi. Aliyemsimamisha ndiye aliyekosa. Nadhani nusu ya ukali wa barua ile ilizaliwa siku hiyo, na kama mtu angemwomba radhi mapema, kurasa nne zingekuwa moja.

Lililobaki ni la upadre, na hapa nilimjibu kwa swali. Wapo wanamapokeo wanaosema kwamba ibada ya daraja iliyotolewa na Papa Paulo wa Sita mwaka 1968 haikuswihi. Si wote. Askofu Mkuu Marcel Lefebvre mwenyewe, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dakar kabla ya kuanzisha Udugu wa Mtakatifu Pio wa Kumi, shirika la wanamapokeo, mwaka 1970, alitia saini tarehe 5 Mei 1988 tamko la kukiri kwamba Misa na sakramenti zinazoadhimishwa kwa vitabu vipya, kwa nia inayotakiwa, zinaswihi. Kesho yake aliondoa kibali chake kwa makubaliano yale, na tarehe 30 Juni akawaweka maaskofu wanne bila idhini ya Papa, lakini ugomvi wake na Roma haukujengwa juu ya dai kwamba altare zote ni tupu. Swali langu kwa Mzee lilikuwa hili: kama Padre wetu si padre, basi mkononi mwake divai ya Dodoma na choya ni kitu kimoja, na hakuna kilichoharibika kisiwani. Mbona basi alikosa usingizi kwa ajili ya chupa? Alikosa usingizi kwa sababu anaamini, hata kama simu yake inamwambia vingine, kwamba chupa ingekuwa sahihi Kristo angekuwepo.

Wapo waliomcheka kwa kupima maneno na viambato kama karani. Sikuungana nao. Mwaka 2020 Roma yenyewe ilitamka kwamba ubatizo wa "Sisi tunakubatiza", badala ya "Nakubatiza", ni batili, na padre mmoja wa Detroit, Matthew Hood, alipotazama video ya ubatizo wake wa utotoni aligundua kwamba hakuwahi kubatizwa. Ikambidi abatizwe, apewe kipaimara, na kuwekwa shemasi na padre upya, akiwa tayari amekwisha adhimisha Misa nyingi na kuungamisha watu. Kiwakilishi kimoja kilifanya hayo yote.

Nilipokwenda kuliangalia kabati lenyewe nilielewa kitu ambacho barua ilikikaribia na kukipita. Mlango ulifungwa kwa kipande cha waya. Rafu ya juu ilikuwa na kalisi iliyofungwa kwa khanga safi. Ya chini ilikuwa na chupa ya mafuta ya taa, mishumaa iliyobaki nusu, risiti za michango ya jengo, na alama ya duara mahali chupa ya choya iliposimama kwa miezi miwili bila mtu yeyote kusoma lebo yake. Mzee anaamini kwamba heshima na uhalali ni ndugu, na kwa sehemu naamini hivyo pia. Ila yeye aliutafuta utovu wa heshima kwenye vigelegele, mbele ya macho ya watu, ilhali ulikuwa umejikunyata hapo gizani, jirani na mafuta ya taa.

Paroko aliamua upesi. Misa mbili zilikuwa na nia zilizotolewa sadaka, na haki ilidai ziadhimishwe tena bila mtu kuombwa hata senti. Yapo mashauri ya kufanya mambo kama haya kimyakimya ili watu wasikwazike, lakini kisiwa kizima kilikuwa kimeshaisikia habari ya beseni, kwa hiyo Padre alisimama Dominika iliyofuata akasema wazi kilichotokea na kosa lilikuwa la nani, akianza na lake. Mjane wa mvuvi alimngoja nje. "Tumsifu Yesu Kristu, Baba. Kwa hiyo ile ya kwanza haikumfikia?" Padre alimwambia kwamba Misa yenyewe ilikuwa na pengo, na pengo hilo ataliziba leo, sala zake na za kigango hazikupotea, kwani Mungu ametupa sakramenti tuzishike sisi, Yeye mwenyewe hakujifunga nazo. Mjane akauliza kama anapaswa kuleta tena chakula cha wanakwaya. Akaambiwa hapana. Alileta.

Mzee alikuja katika Misa hiyo. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akapokea kwa ulimi, na hakuna aliyemsimamisha. Ngoma zilipigwa, naye hakuzitazama. Baadaye palizuka ubishi mdogo juu ya chupa iliyobaki robo: Mzee alitaka izikwe kwa heshima, Padre akasema kinachozikwa kwa heshima ni kilichogeuzwa, na hiki ni kinywaji tu. Mama wa WAWATA hakungoja hukumu. Aliimimina chini ya mlimau.

Wiki mbili baadaye Mzee alinipigia simu. Alitaka kujua hostia za kigango zinatengenezwa wapi, na unga wake ni wa nini. Nilikwenda kwa masista wanaozioka, nikaomba nione mfuko. Ulikuwa wima kando ya mashine, umefunguliwa, na sista mmoja akanishikia taa nisome mpaka chini: ngano, na baada ya ngano yale yanayoongezwa viwandani kwa agizo la serikali, madini ya chuma, zinki, asidi foliki, vitamini B12. Nikampigia nikamsomea yote, nikamweleza kwamba sheria hutazama kama kitu kilichochanganywa ni kingi kiasi cha kuufanya mkate usiitwe tena mkate wa ngano, na kwamba hivi ni vipimo vya kiganja katika gunia.

Kwa muda sikusikia kitu ila mawimbi na jogoo wa kwake.

"Na hiyo zinki," akauliza, "hasa ni kiasi gani?"